Sikukanyaga Breki

Wale mlionifuata tangu mwanzo mnajua kwamba aibu na mimi tumeshakuwa majirani. Mnajua gari langu lilivyotumbukia kwenye bwawa la mchungaji siku ya ubatizo, na mnajua Mzee Harlan Voss, baba wa mchumba wangu Marlys, alivyocheka mpaka akaanguka na kuvunja goti. Wiki iliyopita mliniacha kando ya kitanda chake hospitalini, nimeshika maua, naye akanirushia ufunguo kifuani.

"Wendell," alisema, "Jumamosi utaniendeshea."

Nilidhani dawa za usingizi zimempanda kichwani. Ufunguo ule ulikuwa wa Bridger lake la mwaka 1969, gari la kijani alilolinunua jipya akiwa bado kapera. Hakuna aliyewahi kuliendesha zaidi yake. Bi Irma, mkewe wa miaka yote hii, haruhusiwi hata kuegemea mlango.

"Sikuombi ushinde," akaendelea. "Nakuomba usikimbie sana."

"Mzee, si ni mashindano ya mbio?"

"Ndiyo maana nakuomba."

Hapo ndipo mtu asiye wa uwanja wetu huanza kujikuna kichwa, kwa hiyo nisikilizeni vizuri, sitarudia. Mwaka 1969 kiwanda kiliandika kwamba Bridger lina nguvu za farasi mia tatu. Kilidanganya, na kila mtu anajua kilidanganya, maana gari lenye farasi wengi bima yake ilikuwa haishikiki. Chama chetu cha mbio za magari ya zamani kinatumia hesabu hiyo hiyo. Wanachukua uzito wa gari pamoja na dereva, wanaugawa kwa farasi, na jibu ndilo linalokuweka kwenye daraja lako. Kila daraja lina muda wake wa kumaliza robo maili.

Ukimaliza chini kidogo ya muda huo, hongera. Ukishuka chini sana, Chama kinashtuka na kufungua injini yako. Kikiikuta safi, kinasema basi farasi waliandikwa pungufu, na kinaongeza wengine. Tena hakikuongezei wewe peke yako. Kinaongeza kwa kila Bridger nchi nzima, na wenyewe wote wanalazimika kubeba vyuma vya uzito ili wabaki kwenye daraja lao.

Ndiyo maana wenye Bridger wana desturi yao. Hukimbia kama wamefukuzwa na nyuki, halafu wakikaribia mstari wa mwisho hukanyaga breki. Wote. Ukija kutazama utaona magari yanainamisha pua mbele ya mstari kama yanasalimia wakwe.

"Ukiniletea farasi hata mmoja," Mzee akasema, "harusi ya wiki ijayo tafuta mtu mwingine wa kumshika Marlys mkono kanisani. Mimi sitakuwepo."

Na Marlys alishaniambia zamani: asiposindikizwa na baba yake, haolewi. Kwa hiyo ndoa yangu yote ilikuwa imening'inia kwenye mguu wangu wa kulia.

Nikasema sawa. Breki tu, nani asiyejua kukanyaga breki?

Tatizo la kwanza lilikuwa tumbo. Mzee Voss ni mtu wa haja, akikaa kwenye gari gari linajua limekaliwa. Mimi hata kivuli changu ni chembamba. Nilipopanda mzani na lile gari, tukakutwa tuko chini ya uzito wa daraja.

"Tufunge vyuma kwenye buti," nikashauri.

Sheria inasema vyuma lazima vifungwe kwa bolti, na bolti zinataka matundu.

"Atakayetoboa sakafu ya gari langu," Mzee akasema, "na mimi nitamtoboa."

Basi ikaamuliwa kwamba atakayeongezwa uzito ni mimi. Kazi akapewa Bi Irma, na mama yule hajawahi kupewa kazi akaifanya nusunusu. Asubuhi mayai na soseji. Mchana nyama ya nguruwe iliyopondwa na kukaangwa, pana kuliko sahani yake. Jioni viazi, mahindi, na pai ya maziwa na sukari ambayo kipande kimoja tu kinaweza kumlaza ng'ombe.

"Mama, nimeshiba."

"Hukuulizwa, mwanangu. Fungua mdomo."

Mtu mmoja tu hakucheka mezani pale, Marlys. Na Marlys ndiye mcheshi wa nyumba ile, tena ndiye fundi wake. Baba yake ana maneno ya injini, yeye ana mikono ya injini. Wiki nzima alikaa anatafuna kucha.

"Utakanyaga breki kweli, Wendell?" aliniuliza jikoni.

"Nitakanyaga, mpenzi."

"Mapema. Tena kwa nguvu."

"Hivi mnanionaje nyie? Mimi si mtoto."

Siku ya siku ikafika. Pamoja na pai zote zile, bado nilipungua kidogo. Akajitokeza Bwana Tolliver, msemaji wa wenye Bridger wote wa kwetu, mrefu, masharubu kama ufagio, na dumu la maji mkononi.

"Maji ni uzito," akasema. "Kunywa."

"Lote?"

"Mzani wao uko kwenye njia ya kurudi. Utapimwa baada ya kukimbia, si kabla. Kwa hiyo kunywa, kimbia, kanyaga breki, pimwa, halafu ndiyo uende unakotaka kwenda. Umenielewa?"

Nikanywa lote, wenye Bridger wakanipigia makofi. Sijawahi kupigiwa makofi maishani mwangu, ndiyo maana sikujiuliza maswali.

Ningeondoka mara ile ningesalimika. Lakini mtu wa mbele yetu alimwaga mafuta uwanjani, tukaambiwa tusubiri. Mpinzani wangu, daktari wa meno kutoka Kokomo, akawa ananiangalia kupitia dirishani ninavyojipindapinda kitini.

"Woga?" akauliza.

"Si woga."

"Usijali, mara ya kwanza kila mtu anaogopa."

"Nimekwambia si woga, daktari!"

Waliusafisha uwanja ule kama wanatandika kitanda cha bibi harusi. Walipomaliza, nilikuwa nimeshaahidi kwa Mungu mambo ambayo sina uwezo wa kuyatimiza. Mkanda wa usalama ulikuwa umepita pale pale pa hatari. Na viti vya gari lile, naomba mlishike hili, ni vyeupe. Ndivyo vile vile vilivyotoka kiwandani.

Taa zikashuka, njano, njano, njano, kijani.

Bridger liliruka. Sijui niliseme vipi, moyo wangu ulibaki kwenye mstari wa kuanzia. Nikaingiza gia ya pili, ya tatu, daktari wa meno akapotea kwenye kioo cha pembeni, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kuwasimulia balaa zangu nikasikia raha, raha tupu. Nikaona koni za mwisho. Nikakumbuka ahadi. Nikahamisha mguu na kugusa breki.

Mkanda ukanibana tumboni.

Jamani, yako mambo mwanamume huyajua papo hapo bila kuelezwa. Nilijua kwamba nikiikandamiza ile breki hata kidogo zaidi, viti vile vyeupe vitaaga weupe wao. Ama farasi, ama viti. Nikamwona Mzee akilini akivitazama viti vyake.

Nikaondoa mguu kwenye breki, nikaurudisha kwenye mafuta ili nifike upesi. Nikavuka mstari wa mwisho nikipiga kelele.

Nilipita mzanini, nikapimwa, uzito ukatosha, nikakimbia chooni. Nilipotoka nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Indiana. Furaha ile ilidumu mpaka mlangoni.

Nje walikuwa wamejipanga wenye Bridger wote, kofia mkononi kama wamekuja msibani. Mbele yao Mzee Voss, mguu umefungwa vyuma, amesimama kwenye magongo yake mawili.

"Umekimbia," akasema.

"Mzee, nilikuwa na sababu."

"Sekunde moja na nusu chini ya muda wa daraja! Mimi miaka yote sijawahi kulikimbiza hivyo hata usingizini!"

"Watatuongezea farasi mpaka tuombe zizi," akalia Bwana Tolliver. "Bridger langu litabeba vyuma kama jahazi. Nina mjane mmoja wa Terre Haute ana Bridger, nitamwambia nini mjane wa watu?"

"Wendell," Mzee akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini, ndiyo iliyonitisha, "nilikuomba jambo moja."

Nilitamani ardhi inifiche. Mzee yule ana makelele, lakini ananipenda kwa namna yake, na gari lake alikuwa amenikabidhi mimi, si mtu mwingine. Iliniuma, wacha niseme ukweli.

Tolliver ndiye aliyepata wazo. Akanivuta karibu mpaka masharubu yakanichoma sikio.

"Iko njia. Injini ikiwa chafu, mbio zako zinafutwa, kama hazikuwahi kuwepo. Farasi hawaongezwi. Mkaguzi anakuja sasa hivi. Mwambie umeweka kitu kisichoruhusiwa ndani. Kemshafti, ule mhimili wa kufungua valvu, sema kemshafti."

"Niseme nimedanganya na sikudanganya?"

"Utafungiwa msimu mmoja tu! Wewe mwenyewe gari huna, utapoteza nini?"

"Jina langu."

Kuna mtu nyuma alicheka. Nilimsikia.

Nikamtazama Mzee. "Na wewe unataka niseme hivyo?"

Akainamisha kichwa. "Sema hivyo, na wiki ijayo nitamshika binti yangu mkono. Hata kwa magongo."

Nikamtafuta Marlys, maana nilijua yeye atanitetea. Marlys hana msamaha kwa waongo. Aliwahi kuvunja uchumba wa kwanza kwa sababu jamaa alimdanganya umri wa mbwa wake. Alikuja mbio, mikono ina grisi, uso umempauka.

"Kiri, Wendell," akasema.

"Nini?"

"Kiri. Sema umeweka kemshafti. Ukikiri hawafungui injini. Tafadhali."

Wasomaji, nilichanganyikiwa. Watu wote niliowapenda walikuwa wananiomba niwe mwizi, kwa upole, kama wanaomba chumvi. Na mimi niliyechekwa kwa ajili ya bwawa, niliyechekwa kwa ajili ya yale ya kabla ya bwawa, nikasikia ukaidi unanipanda kutoka unyayoni. Nimekuwa kichekesho, sawa. Mdanganyifu sijawahi kuwa.

Mkaguzi akaja, Bwana Gerlach, mfupi, miwani imening'inia kwa kamba, mkate nusu mkononi.

"Nani dereva?"

"Mimi, bwana."

"Una la kusema kabla sijafungua? Ukikiri kosa, naandika, sifungui, namalizia mkate wangu. Usipokiri, nafungua mpaka bolti ya mwisho."

Tolliver akawa ananichezea midomo kutoka mbali: kem-shaf-ti.

"Injini ni safi," nikasema. "Imekimbia kwa sababu sikukanyaga breki."

Bwana Gerlach akaacha kutafuna. "Breki? Kwa nini ukanyage breki kabla ya mstari?"

Nyuma yangu wenye Bridger waliguna kwa pamoja, mguno mzito kama wa ng'ombe anayezaa.

"Yaani," nikajaribu kujirudi, "si kwamba watu hukanyaga..."

"Watu gani hukanyaga?"

"Hakuna, bwana. Hakuna watu. Nilikuwa nimebanwa na mkojo."

Akavaa miwani. Akanitazama, akawatazama wale mabwana wenye kofia mikononi, akafunga mkate wake kwenye karatasi. "Leteni spana," akasema.

Marlys akafumba macho.

Injini ilifunguliwa pale pale chini ya hema, watu wote wakiangalia. Kemshafti ikatolewa, ikapimwa. Safi. Kabureta, safi. Mzee akanikazia macho ya mtu aliyekwishanizika. Kila kitu kilichotoka safi kilikuwa farasi wanaokuja.

Halafu Bwana Gerlach akaingiza kipimo chake kwenye silinda ya kwanza. Akakitoa, akakifuta, akakiingiza tena.

"Hii si saizi ya kiwanda. Silinda zimechongwa, zimepanuliwa. Pistoni hizi ni kubwa mno." Akainama, akasugua ubavu wa bloku, lile pande la chuma lenye silinda, kwa kidole gumba. "Na namba hii ya injini imegongwa kwa mkono. Tisa yenu hii ni sita iliyopinduliwa."

Ilichukua muda kidogo wenye Bridger kuelewa. Walipoelewa, injini chafu, mbio zimefutwa, farasi hawapo, Tolliver alirusha kofia juu na kumbusu mtu wa karibu, ambaye alikuwa mimi. Wakakumbatiana, wakapigana migongo. Kisha mmoja mmoja wakamwona Mzee Voss, wakaachiana.

Mzee akajikokota kwa magongo mpaka kwenye injini.

"Bloku hiyo haijatoka ndani ya gari hilo tangu nilinunue," akasema. "Namba yake naijua kuliko siku yangu ya kuzaliwa." Akageuka. Kila mtu akageuka, na wote wakaishia kwangu, maana gari lilikuwa na mimi wiki nzima. Gongo moja likainuka juu. "Umeifanya nini injini yangu, Wendell?"

"Baba," Marlys akasema, "ni mimi."

Gongo likabaki hewani.

"Ule mwaka ulipokwenda Florida kumzika baba mdogo," akasema, na machozi yalikuwa yameanza. "Uliniambia nimwage maji ya rejeta kabla ya baridi. Nikasahau. Yakaganda, bloku ikapasuka. Nikatafuta nyingine kwenye makaburi ya magari, sikupata nzima ila hiyo iliyochongwa. Nikaifunga. Namba nikaigonga mwenyewe, muhuri wa tisa sikuwa nao, nikapindua wa sita. Nilijua hutagundua kwa sababu siku zote unakanyaga breki. Nilitaka kukwambia, baba. Kila siku nilitaka kukwambia."

"Injini yangu iko wapi?" Mzee akauliza.

"Bustanini. Ile meza ya maua ya mama."

"Chini ya petunia?"

"Ndiyo, baba."

"Miaka miwili nakunywa kahawa nimeweka miguu juu yake?"

Kuna watu waligeuka upande ili wasionekane wanacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeelewa kwa nini alinisihi nikiri, na kwamba neno moja la uongo kutoka kwangu, ambalo lingenigharimu msimu mmoja tu, lingemfichia siri yake. Nililinda jina langu, jina ambalo hata halina gari, na mtu aliyelilipia ni Marlys. Nilijisikia mdogo.

Bwana Gerlach alikohoa. "Kupanua silinda ni kufungiwa msimu mmoja. Namba ya uongo ni jambo jingine. Aliyeigonga, na yeyote aliyejua akanyamaza, hakanyagi tena uwanja wa Chama hiki maisha yake yote. Binti, ulikuwa peke yako?"

"Peke yangu," Marlys akasema.

Alisimama katikati ya hema, pembeni yake vyuma vilivyofunguliwa, na hakuna hata mmoja aliyemsogelea. Wale wale waliokuwa wanakumbatiana kwa sababu yake walikuwa wanatazama viatu vyao.

Mzee Voss akashusha gongo lake taratibu, akanitazama mimi. Sijawahi kumwona na uso ule.

"Wewe unakula mezani kwangu," akasema. "Unalala na kuamka na siri za binti yangu. Nijibu kama mwanamume. Ulijua? Maana kama ulijua ukaniacha niringe na gari lile mbele za watu, harusi yenu mtaifanya bila mimi."

Marlys akanitikisia kichwa, kidogo sana. Sema hukujua, ndivyo alivyokuwa anasema. Ilikuwa kweli, tena ilikuwa rahisi.

Nikaenda nikasimama karibu naye asibaki peke yake, nikamshika ule mkono wa grisi.

"Nilijua, Mzee," nikasema.

Marlys akauchomoa mkono wake, akanitazama kama mtu asiyenifahamu, na Bwana Gerlach akafungua kalamu yake, akaniuliza jina langu kamili.